Wigi la fedha linamezwa na bekigraundi nyeupe, naombeni msaada kabla sijarudi studio

picha_na_kivuli:

Habari za muda huu wakuu. Naomba niende moja kwa moja maana hili jambo linaniuma kweli. Napiga picha za kosplei, yaani watu waliovaa kama wahusika wa hadithi, huu mwaka wa pili sasa, na muda wote nimekuwa napigia nje, kwenye miti, kwenye ngazi, kwenye kuta chakavu, na huko sina wasiwasi kabisa. Sasa kuna rafiki yangu amekaa miezi 5 anashona vazi la mhusika aliyembuni mwenyewe, ni malkia mpiganaji hivi, ana joho jeupe refu lenye pindo la bluu, deraya ya foamu ya EVA kifuani na mabegani imepakwa rangi ya fedha, upanga unaokaribia urefu wake mwenyewe, na wigi la fedha linashuka mpaka kiunoni. Akaniambia anataka picha za studio nyeupe, nyeupe tupu isiyo na kitu nyuma, ili kila mshono uonekane. Nikakubali bila kuuliza mara mbili.

Mara ya kwanza nikaweka softiboksi moja kubwa (lile boksi la kitambaa linalolainisha mwanga wa flashi) kama mita 1 kutoka kwake, yeye amesimama mita 2 mbele ya karatasi nyeupe. Yeye akatoka vizuri lakini karatasi ikawa kijivu, kijivu kile cha anga la mvua. Nikasema sawa, nikachukua flashi mbili nyingine nikazielekeza kwenye karatasi, nikazifungulia mpaka mwisho. Hapo karatasi ikawa nyeupe kweli ila yeye akaharibika. Uso ukafifia kama nimempiga kupitia kioo chenye mvuke. Na wigi sasa, wakuu, nimezumu picha moja nikakaa naiangalia kwa dakika kadhaa: nywele zinapopita juu ya bega la deraya unaona uzi mmoja mmoja, zikishavuka ukingo wa bega tu zinakatika kama kuna mtu amepita na mkasi. Upande wa kushoto wa joho ndio haupo kabisa, pindo la bluu linaning'inia hewani peke yake.

Yeye hajalalamika, amesema zimetoka nzuri, lakini namfahamu, hajapost hata moja.

Wiki ijayo tumepata tena studio kwa saa 3, safari hii ni ile yenye ukuta mweupe uliopinda kwenda sakafuni, hauna kona. Nina flashi 3, softiboksi 1, miavuli 2, kamera ya full frame, lenzi ya 50mm na ya 85mm. Sina mita ya kupimia mwanga. Nakosea wapi? Au mtu mwenye wigi la fedha na joho jeupe hapaswi kupigwa kwenye nyeupe kabisa?

---

taa_ya_pili:

Mkuu pole na kazi. Kwanza ondoa hiyo hofu, nyeupe juu ya nyeupe inawezekana na ikitoka vizuri ni picha tamu sana, ila ina masharti yake.

Tuanze na kile kijivu cha mara ya kwanza. Mwanga unapungua kwa mraba wa umbali. Taa yako ilikuwa mita 1 kutoka usoni, na karatasi ilikuwa mita 2 nyuma yake, kwa hiyo kutoka kwenye taa mpaka karatasi ni mita 3. Umbali umekuwa mara 3, mwanga unaofika pale ni moja ya tisa ya ule ulioko usoni, hiyo ni kama stopu 3 chini (kila stopu moja ni mwanga kupungua nusu). Kitu cheupe ukikinyima stopu 3 kinakuwa kijivu, hata karatasi iwe mpya vipi. Wengi hapo wanaanza kulaumu karatasi wanabadilisha roli.

Mara ya pili ukaenda upande wa pili kabisa. Karatasi ukiipiga flashi mbili mpaka mwisho na yenyewe inageuka kuwa taa. Mwanga unarudi kutoka kule nyuma, unazunguka mabega, unapita katikati ya nyuzi za wigi, halafu unaingia mpaka ndani ya lenzi, ndio ule mvuke unaousema. Wigi jeusi lingevumilia kidogo, la fedha halina pa kujificha.

Kwa hiyo fanya hivi, na usiruke hatua hata kama rafiki yako ameshavaa na anasubiri. Tena nakushauri hatua hizi zote uzifanye kabla hajavaa, simamisha mtu mwingine yeyote pale.

Zima taa zote za chumba, weka ISO 100, shata 1/160, f/8. Washa zile flashi mbili za ukuta PEKE YAKE. Kila moja ipige upande wa mbali, yaani ya kushoto imulike nusu ya kulia na ya kulia imulike ya kushoto, zikikatana hivyo mwanga unasambaa sawa. Washa kwenye kamera zile alama zinazometameta sehemu iliyoungua, yaani iliyozidiwa mwanga mpaka ikawa nyeupe tupu. Anza na nguvu ndogo, panda kidogo kidogo, na mara tu ukuta wote ndani ya fremu unapoanza kumetameta, SIMAMA HAPO. Usiongeze hata kidogo kwa kujihami. Ukuta ukizidi uso kwa stopu 1 hivi umeshakuwa mweupe, ukizidi kwa 2 umeanza kula nywele.

Halafu, taa ya mbele bado imezimwa, msimamishe mtu mahali pake upige. Anatakiwa atoke mweusi, kivuli kitupu chenye kingo kali. Ukiona mashavu au mabega yana mwanga kwa pembeni, basi flashi zako zinamwagikia kwake. Simamisha bodi nyeusi kati ya kila flashi na yeye, au msogeze mbele. Mimi naanzia mita 3 kutoka ukutani, chini ya hapo napata shida na nguo nyeupe.

Hapo ndipo unawasha softiboksi unapima uso. Ukimaliza unawasha zote.

Sasa kuhusu wigi na joho, hiki ndicho kitu ambacho kingekuokoa siku ile: mabodi meusi. Tafuta mabodi mawili marefu kumzidi yeye, yawe meusi tii, moja kulia moja kushoto, nje ya fremu kidogo tu, karibu naye kadiri inavyowezekana. Kitambaa cheusi juu ya stendi nacho kinafanya kazi. Weusi ule unazuia mwanga wa pembeni usimfikie na nywele zinapata mstari mwembamba wa kijivu kwenye ukingo, kama umechorwa kwa penseli. Joho hivyo hivyo. Jicho linahitaji ule mstari tu ili lijue hapa mtu anaishia na hapa ukuta unaanza. Ukiondoa bodi moja ukapiga, ukairudisha ukapiga, utaona tofauti mwenyewe hapo hapo kwenye skrini na hutakuja kusahau.

Na jambo la mwisho, ukuta wote ambao hauonekani kwenye fremu ufunike. Kama unapiga nusu mwili huna haja na mita 5 za weupe nyuma yake, zile za pembeni zote zinakurudishia mwanga usiouomba.

---

mshona_deraya:

Nimesoma mpaka pindo la bluu kuning'inia hewani peke yake nikaumia kama limeshonwa na mimi. Asante taa_ya_pili kwa maelezo, mimi nitasema upande wa aliyevaa maana wapiga picha wengi mnatusahau tukishaingia studio.

Kaka, saa 3 za studio ukitoa za kuvaa unabaki na chache mno. Deraya ya foamu ina mikanda, ina vifungo, bega moja tu linaweza kuchukua dakika 10 kukaa sawa, na wigi la kiunoni likishavaliwa halisubiri, kila dakika linajisokota kwenye kitu. Mwambie aje amemaliza mekapu na wigi limeshabanwa, avalie pale deraya na joho tu. Na wakati anavaa ndio wewe unafanya yale majaribio ya taa.

Wigi za nyuzi za sintetiki zinang'aa kupita kiasi, hasa za fedha na za dhahabu, flashi ikigonga unapata michirizi myeupe hata kama taa zako zote ziko sawa. Mimi nalipulizia shampuu kavu, au napitisha poda ya mtoto kwa brashi, halafu nalikung'uta vizuri mpaka lisidondoshe vumbi, ule mng'ao wa plastiki unakufa na nywele zinaanza kuonekana nywele. Afanye hivyo nyumbani usiku wake, asije kupulizia studio vumbi likaishia kwenye ukuta mweupe na kwenye lenzi yako.

Mekapu pia. Zile poda laini sana za kumalizia zenye silika, ukizizidisha, chini ya flashi ya moja kwa moja zinarudisha weupe, unapata mduara mweupe chini ya macho ambao kwenye kioo haukuwepo. Mpige picha moja ya flashi kabla ya kuanza uangalie uso peke yake. Na akubali kupaka nyusi na mstari wa midomo kwa nguvu kuliko anavyozoea, kwenye nyeupe uso unapauka na sura inapotea.

Sasa mkao. Nje kule una mti, una ukuta, kuna kitu cha kusaidia kusimulia. Kwenye nyeupe hakuna, hadithi yote inatoka kwenye umbo lake, basi umbo lisomeke. Mikono iachane na kiwiliwili, hata upenyo wa vidole viwili tu, ukuta uonekane hapo katikati. Miguu isiwe imefungana chini ya joho. Upanga usielekezwe kwenye lenzi, unakuwa kifimbo, uwekwe wa pembeni urefu wake wote uonekane. Mimi najipima kwa njia hii: nakunja macho mpaka naona kivuli tu, kama kile kivuli bado najua ni mhusika gani basi mkao umekaa.

Pia tafuta mtu wa tatu. Wewe uko kwenye kamera, yeye hawezi kujiona, nani ataona kwamba mkanda wa bega umegeuka? Huyo mtu pia ndiye anarusha joho. Anashika pindo, anahesabu, anarusha juu na kukimbia nje ya fremu, wewe unapiga joho likiwa hewani. Tulirudia mara 23 siku yangu na ile ya 19 ndio iko ukutani kwangu mpaka leo. Awe na mkoba wenye pini, gundi, tepu ya pande mbili, brashi ya wigi yenye meno mapana na feni ndogo ya mkono, maana ndani ya foamu kuna joto jamani, foamu haipitishi hewa. Kila baada ya dakika 20 mvue japo mabega akae apumue anywe maji.

Na tafadhali, usimguse wigi wala vazi bila kumwambia. Hata uzi mmoja uliopotoka, sema kwanza, yeye mwenyewe au yule msaidizi atatengeneza.

---

kata_na_bandika:

Mbona mnampa mtu kazi kubwa hivyo, siku hizi programu inakata bekigraundi kwa kubonyeza mara moja. Piga popote, kata, weka nyeupe nyuma, umemaliza. Na hapo unaweza kumuwekea hata ngome na theluji na dragoni, si studio nyeupe watu wanaikodi kwa ajili hiyo hiyo?

---

leya_ya_kumi:

@kata_na_bandika kwa heshima kabisa nakupinga, na nimeediti kosplei nyingi tu za watu.

Programu inakata kwa kufuata tofauti. Mahali ambapo hakuna tofauti kati ya nywele na ukuta inabuni, na ikibuni kwenye wigi la kiunoni unapata ule ukingo laini kama sufi, kila mtu anauona hata asiyejua kuediti. Kilichoungua kimeungua, hata kwenye RAW, lile faili ghafi la kamera. Data haipo, kwa hiyo hakuna cha kukata.

Ila umegusa kitu cha maana kwenye ngome na theluji. Kuna watu wanapiga nyeupe ili waje kuchanganya na picha nyingine kwa modi ya maltiplai, ambapo nyeupe inapotea yenyewe na vyeusi vinabaki. Kwa wigi jeusi ni raha tupu, nywele zote zinabaki mpaka zile nyembamba kabisa na hujakata hata moja. Kwa wigi la fedha haifanyi kazi, maana nalo ni jeupe karibu sawa na ukuta, nalo linapotea hivyo hivyo, ukimuweka mbele ya anga la bluu anakuwa na nywele za bluu. Kwa hiyo mwenye mada muulize rafiki yako mapema picha zinaenda wapi. Kama anataka zibaki kwenye nyeupe, piga nyeupe. Kama kuna hata mbili tatu anataka kuziwekea mandhari baadaye, hizo zipige kwenye kijivu, na hauhitaji karatasi nyingine, zima tu zile flashi za ukutani, msogeze mbele zaidi, ukuta huo huo unakuwa kijivu. Ile kosa yako ya siku ya kwanza ndio inageuka kuwa kazi.

Kwenye kuediti, weka kipimo kwenye histogramu, ile grafu ya mwanga ambapo 0 ni nyeusi na 255 ni nyeupe tupu. Ukuta 255 sawa, lakini sehemu angavu kuliko zote kwenye wigi nisione inapita 240, hapo bado kuna nyuzi. Na usijaribu kuung'arisha ukuta kwa kuvuta picha nzima juu, utamvuta na yeye. Chagua ukuta peke yake, brashi laini, kaa mbali na nywele, ndani ya nywele acha ilivyo hata kama kuna kijivu kidogo. Hakuna mtazamaji atakayelalamika kwamba katikati ya nyuzi za wigi nyeupe haijatimia.

Na angalia pindo la bluu. Sakafu nyeupe ina tabia ya kurudisha rangi, joho likiwa na bluu nyingi chini utakuta kidevu na kiganja vina bluu bluu. Inatoka kirahisi ukiiwahi, ila ukiwa umeangalia skrini saa nzima huioni tena, macho yameshazoea.

---

picha_na_kivuli:

Wakuu nimesoma zaidi ya mara tatu, nimeandika kwenye daftari. Asanteni sana, hili la mabodi meusi sikuwahi hata kulifikiria, nilidhani kwenye studio nyeupe kila kitu kinatakiwa kiwe cheupe.

Nimebaki na maswali mawili. Lenzi ipi, 50 au 85? Na miguu, maana picha za mwili mzima zangu za mwanzo yeye anaonekana anaelea, nilifuta kivuli chote nikifikiri ndio usafi.

---

taa_ya_pili:

Lenzi tufanye hesabu kidogo. Kumuingiza mtu mzima kwenye fremu ya wima pamoja na nafasi ya juu na chini, tuseme mita 2.2 za urefu, kwa 50mm kwenye full frame utasimama kama mita 3 kutoka kwake, kwa 85mm kama mita 5. Yeye yuko mita 3 mbele ya ukuta. Kule ukutani, 50mm itakuwa inaona upana wa karibu mita 2.9, na 85mm inaona kama mita 2.3. Umeona hapo? Roli za karatasi zilizozoeleka zina upana wa mita 2.72, kwa hiyo kwa umbali huo 50mm inatoka nje ya karatasi na 85mm inabaki ndani. Na kadiri inavyoona ukuta mdogo ndivyo unavyohitaji kumulika eneo dogo na kurudishiwa mwanga kidogo. Kwako una ukuta mpana wa studio, upana sio tatizo, lakini hiyo faida ya mwisho bado ipo. Tumia 85 kama chumba kina urefu wa mita 8 na zaidi, kikiwa kifupi chukua 50 na usimsogeze ukutani ili upate nafasi, heri wewe ubanwe na ukuta wa nyuma yako. Ukifika na 50 usishushe kamera chini sana kumrefusha, shikilia usawa wa kifua au kitovu, la sivyo kichwa kinakuwa kidogo na buti zinakuwa kama boti.

Upanga akiunyoosha pembeni, geuza kamera iwe ya mlalo na urudi nyuma.

Miguu. Acha kivuli! Mtu mwenye uzito lazima aache alama chini. Unachotaka ni kivuli kimoja laini chini ya nyayo, kinafifia ndani ya hatua moja. Softiboksi ikiwa juu kiasi na mbele kidogo inakitengeneza yenyewe. Sakafu mbele ya miguu yake itatoka na kijivu kidogo, hiyo utaisafisha baadaye kwa brashi ya nguvu ndogo, ukisafisha unaacha pale chini ya soli. Ukitaka kitu cha kifahari zaidi kuna watu wanatandika shiti ya akriliki nyeupe inayong'aa chini, unapata taswira ya buti imegeuka kama yuko juu ya barafu, lakini inaonyesha kila chembe ya vumbi, sikushauri kwa mara hii.

Na hapo kwenye sakafu kuna adabu yake. Ukuta ule unapakwa rangi kila mara kwa sababu ya viatu. Kule Japani studio za namna hii wanaziita shirohori, shiro ni nyeupe na hori imekatwa kutoka neno la Kijerumani Horizont, upeo wa macho, ni neno la mafundi wa jukwaa, na wanakosplei wa kule wanazikodi sana. Buti za vazi zisitembee nje kabisa, na soli zibandikwe tepu kabla ya kukanyaga sakafu. Avalie buti pale pale pembeni, akanyage kadibodi mpaka mahali pake. Na pale ukuta unapoanza kupinda ASIKANYAGE wala asiegemee, nyingi zimetengenezwa kwa mbao nyembamba au plasta, zinapasuka.

---

mshona_deraya:

Naongezea kwenye buti, kama soli nazo ni za foamu iliyopakwa rangi, rangi inaachia kwenye sakafu ukisugua. Ajaribu kwenye karatasi nyeupe nyumbani kwanza. Mimi niliacha mstari mweusi wa mita nzima kwenye studio ya watu nikashinda napiga magoti nasugua na kitambaa chenye maji huku muda unaisha.

---

picha_na_kivuli:

Nimerudi wakuu, ni siku 9 zimepita, tumepiga jana.

Niliwahi, nikamsimamisha kaka yake rafiki yangu (ndiye tuliyemchukua kuwa mtu wa tatu) nikafanya hatua zote kama zilivyoandikwa. Pale pa kupiga na flashi za ukuta peke yake, kaka mtu akatoka mweusi lakini sikio lake la kushoto linawaka. Flashi ya kushoto ilikuwa inamwagika. Nikasimamisha bodi, sikio likazimika. Yaani ni sikio ndilo lililonifundisha, siku ile ya kwanza ni mwanga huo huo ulikuwa unakula joho upande wa kushoto na sikujua.

Mabodi meusi nilitumia mawili, marefu kama mita 2, rafiki yangu akawa amesimama katikati kama yuko mlangoni. Nikapiga moja bila bodi na moja na bodi kama mlivyoniambia. Jamani. Wigi lote lipo. Zile nyuzi zinazovuka bega, zinaendelea mpaka kwenye ncha, na kila uzi una mstari wake mwembamba wa kijivu. Nikamwita aje kuangalia kwenye skrini ndogo ya nyuma ya kamera, akaja anashikilia joho kwa mikono miwili lisiguse chini, akaangalia, hakusema kitu, akanyoosha kidole akaonyesha mshono mmoja kwenye pindo, akasema huu niliushona mara nne. Ulikuwa unaonekana.

Joho la kurushwa tulirudia mara 31, nzuri zimetoka 2. Buti zilibandikwa tepu, hatukuacha alama. Kilichonishinda ni deraya ya kifuani, ile rangi ya fedha inaonyesha softiboksi yangu yote kama kioo, kuna mraba mweupe katikati ya kifua karibu kwenye kila picha ya mbele. Nifanyeje hapo mara nyingine?

---

leya_ya_kumi:

Hongera sana mkuu, weka hizo picha tuone.

Kwa deraya, usiufute wote huo mraba, chuma bila mng'ao kinakuwa plastiki ya kijivu. Punguza tu kwa brashi mpaka uone rangi ya fedha chini yake, na kingo zake uzilainishe zisisomeke kama mraba.

---

taa_ya_pili:

Na mara nyingine, sogeza softiboksi pembeni zaidi, usawa wa bega lake, halafu mwambie ageuze kifua nyuzi chache tu kuiacha taa, uso ubaki kwenye taa. Kitu kinachong'aa kinaonyesha kile kilicho kwenye pembe yake, ukibadilisha pembe ya kifua mraba unahama mpaka ubavuni, na ukiwa ubavuni unakuwa mstari mrefu mwembamba unaoifanya deraya ionekane imepinda kweli. Simama kwenye kamera, mwambie ageuke taratibu, utauona unavyotembea, ukifika mahali unapopapenda mwambie asimame hapo hapo.

---

mshona_deraya:

Na mwambie mwenye joho kwamba kuna mtu huku anataka kujua ule mshono wa mara nne aliumaliziaje, maana wangu kwenye kona unakunjamana kila nikifika.

---

picha_na_kivuli:

@mshona_deraya nimemuonyesha mjadala huu, amejiunga leo, anakuandikia sasa hivi. Na zile 2 za joho hewani amezipost asubuhi.